Panga Mbili za Mzee Sawasawa

Ukifika Msimbu ukaulizia nyumba ya Mzee Husseini, utazungushwa mpaka miguu iume, maana akina Husseini wako wengi. Ulizia nyumba ya Mzee Sawasawa. Utapelekwa moja kwa moja, na anayekupeleka atakuwa anacheka njia nzima.

Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na majirani waliomwona kwa miaka ishirini na moja akiwagawia vitu wanawe mapacha, Faraji na Matano, kama mtu aliyesimamiwa na malaika mwenye daftari. Faraji akinunuliwa shati, Matano naye hununuliwa shati la kitambaa kilekile. Matano akipata godoro, wiki haiishi kabla Faraji hajapata la unene uleule, na mzee alipima unene kwa rula, si kwa macho. Hata papai likiiva uani, nusu hukatwa na kuwekwa kwa ajili ya yule asiyekuwepo, na mara nyingi nusu hiyo ilioza kwenye sahani huku ikimsubiri. Watu walicheka tu. Hawakujua kilichokuwa kikimla.

Maisha yake yote Husseini alikuwa mtu wa mizani. Alikuwa karani wa kupima korosho kwenye ghala la chama cha wakulima, na sifa yake ilivuka mpaka Marui kwa jambo moja: mawe. Kila msimu hawakosekani wajanja wanaopenyeza mawe katikati ya gunia ili lizidi uzito. Karani mwingine angemwaga gunia zima chini kutafuta. Husseini alilipiga kofi moja, akainamisha sikio, kisha akasema kwa upole, "Ndugu yangu, katoe jiwe lako. Liko chini, upande wa kushoto." Na kweli lilikuwa chini, upande wa kushoto. Mtu akianza kumbembeleza, humjibu neno lake lilelile: mizani haina shemeji.

Mkewe Mwanne alifariki kwa homa ya siku nne, mapacha wakiwa na miaka saba. Matanga yalipokwisha, dada yake Husseini, Hajira, aliyekuwa mtumishi wa masjala Kibaha, alimkalisha barazani.

"Kaka, nipe mmoja," alimwambia. "Wawili sitaweza, chumba changu nakijua mwenyewe. Lakini huyo mmoja nitamlea kama niliyemzaa."

Ni rahisi kusema nipe mmoja. Yupi sasa? Walifanana mpaka mama yao alikuwa akimfunga Faraji uzi mkononi asije akamlisha mmoja mara mbili. Husseini alikaa siku mbili hali, halali, kisha akamwambia Hajira palepale barazani shauri alilolikata: atawapima. Aliye mwepesi ndiye mdhaifu, na mdhaifu ndiye aende Kibaha kwenye maziwa na hospitali ya karibu. Aliye mzito abaki Msimbu ale muhogo na baba yake.

Kesho yake asubuhi, kabla wakulima hawajafika, aliwapandisha wanawe kwenye mizani ya ghala, mmoja baada ya mwingine, na kaptura zao za shule. Matano alikuwa na kilo kumi na tisa. Faraji alikuwa na kilo kumi na tisa na nusu.

Kwa nusu kilo hiyo Matano akaenda mjini. Alisoma, akafika chuo, na leo ni fundi umeme kwenye kiwanda kimoja kule Kwala, mtu wa kofia ngumu na buti. Faraji alibaki, akaishia darasa la saba, na leo ni mkulima wa mihogo na mikorosho, ana mikono kama ya baba yake. Hakuwahi kulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuumiza mzee zaidi. Laiti angelalamika. Husseini alijiona amemdhulumu mtoto kwa nusu kilo, na kila shati, kila godoro, kila nusu papai ilikuwa ni kujaribu kusawazisha mizani ile moja, nayo ikakataa kukaa sawa.

Sasa mapacha wakatangaza kwamba watafunga ndoa siku moja. Wamepata wachumba Marui, nyumba mbili tofauti, na Ijumaa ileile wataozeshwa wote wawili.

Kwa ukoo wa Husseini bwana harusi hatoki nyumbani mikono mitupu. Huvaa kanzu, joho na kilemba, na mkononi hushika upanga. Upanga wenyewe upo, wa babu, umefungwa kaniki na kuchomekwa darini, na kila mwanamume wa ukoo ameushika siku yake. Lakini ni mmoja. Haijapata kutokea kwa ukoo huo mabwana harusi wawili wakatoka mlango mmoja wakati mmoja.

"Si mmoja ashike wa babu na mwingine tumkodie?" Hajira aliuliza, mzee alipomfuata Kibaha kwa shauri.

"Wa kukodi ni bati lililopakwa rangi ya dhahabu. Nani atashika bati?"

"Basi washike wote bati."

"Dada, wanangu siku ya harusi yao washike bati?"

Hajira alimjua kaka yake, na alijua pia kwamba habari ya upanga si habari ya upanga. Mzee Husseini alikuwa anaogopa kitu kimoja tu: kwamba siku hiyo, mbele ya Msimbu yote na Marui yote, Faraji atasimama karibu na ndugu yake akiwa ameshika kilicho pungufu. Akishika kilicho pungufu tena, basi. Safari hii hakutakuwa na godoro la kusawazisha.

Ndipo simu ilipomletea neema, au balaa, mpaka leo hajaamua ni lipi. Alikuwa akitazama video za watu wanaobangua korosho, mara likajitokeza tangazo: mtu mwenye nywele alizozifunga fundo anakata mianzi kwa upanga uliopinda kidogo, mwanzi unaanguka kabla hujaona mkono ukisogea. Chini yake yameandikwa maneno ya Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine: panga za mtindo wa Kijapani, zinatengenezwa China kwa oda, zinauzwa kwa jozi.

Kwa jozi! Husseini alikaa wima. Mtu amekaa huko ng'ambo, hamjui, hajui ana mapacha, lakini anatengeneza panga kwa jozi. Hakuuliza zaidi, alipanda gari kwenda kwa Hajira.

Kumbe kununua hakukuwa kununua kama wanavyonunua watu. Muuzaji alikuwa na maswali mengi kuliko polisi wa barabarani. Walikaa sebuleni kwa Hajira, yeye amevaa miwani, kaka yake amemwinamia begani, na kila swali lilizaa lingine.

"Anauliza mpini uviringishwe kamba ya rangi gani," alisoma Hajira.

"Kijani. Zote mbili."

"Anasema chini ya kamba kuna ngozi ya samaki. Sawa?"

Mzee alifikiri. "Samaki ni halali. Aweke."

"Anauliza unataka mfereji wa damu?"

"Wa nini?"

"Wa damu. Ndivyo alivyoandika. 'Mpendwa rafiki, mfereji wa damu ni bure.'"

"Damu ya nani, Hajira? Mwambie hii ni harusi!"

Hajira aliandika kwamba hii ni harusi. Muuzaji akajibu kwa pongezi, maua matatu ya rangi, picha ya upanga uliochongwa mfuo ubavuni, na kuuliza tena kama wanataka mfereji wa damu. Wakakataa. Akauliza chuma cha aina gani, akatoa majina ya namba namba ambayo hata Hajira aliyekaa masjala miaka thelathini hakuwahi kuyaona kwenye faili lolote. Wakachagua cha katikati. Akauliza kama panga zinolewe au zibaki butu. Hajira akasema butu, mzee akasema upanga butu ni fimbo, wakabishana mpaka chai ikapoa, zikanolewa.

Swali la mwisho lilikuwa jina la mwenye panga, la kuchongwa karibu na mpini. Hapo mzee alikwama. Akiandika Faraji na Matano, Faraji atatangulia. Akiandika Matano na Faraji, ndiyo balaa kubwa zaidi.

"Andika Mapacha," alisema. "Kwenye zote."

Alituma fedha aliyopata kwenye korosho za msimu uliopita, akawaambia wanawe kuna kitu wasimuulize, na akaanza kungoja. Kungoja nako kulikuwa na vituko vyake. Kila baada ya siku chache ilikuja ujumbe kwamba mzigo umeondoka mahali, umefika mahali, umepokelewa na kituo, umetoka kituoni, na majina ya mahali hapo hayakuwa na mtu wa kuyatamka. Siku moja ujumbe ukasema mzigo umeingia Tanzania. Watu wa kijiweni wakamwambia, mzee, siku hizi vya China vyote vinapitia bandari kavu ya Kwala. Naye akaondoka alfajiri mpaka Kwala, huku akiomba Mungu asikutane na Matano.

Askari wa getini alimpa shikamoo yake vizuri, kisha akamuuliza, "Kontena lako namba ngapi, mzee?"

"Si kontena, mwanangu. Ni panga mbili."

Askari alirudi nyuma hatua moja. Ilibidi Husseini atoe kadi ya harusi na kueleza habari ya ukoo, ya babu, ya kilemba, malori yakipita pembeni na kumtimulia vumbi mdomoni. Askari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa huruma kwamba mzigo wa namna hiyo haufiki pale, angoje apigiwe simu. Alipigiwa simu baada ya siku tisa. Kwenye ofisi ya vifurushi napo alitoa kadi ileile, akaeleza ukoo uleule, akajaza fomu, na dada wa dirishani akamwomba amwalike. Akamwalika.

Alifungulia boksi nyumbani kwa Hajira, mlango umefungwa. Ndani ya boksi mlikuwa na boksi, ndani ya boksi mifuko miwili ya kitambaa. Alifungua wa kwanza. Ala nyeusi inayong'aa, mpini wa kamba za kijani zilizosukwa vizuri, na alipovuta, upanga ulitoka bila kelele, mweupe, umepinda kama mgongo wa mtu anayeinuka, na ukingoni una wimbi wimbi kama alama ya maji mchangani. Karibu na mpini, kwa herufi safi: MAPACHA. Machozi yalimlengalenga.

Akafungua wa pili.

Ala ileile, kamba zilezile, wimbi lilelile, MAPACHA ileile. Lakini ulikuwa mfupi. Si mfupi wa kidole kimoja, mtu akasema fundi alipitiwa. Aliuweka karibu na mwenzake, ukakomea kidogo tu baada ya nusu.

"Hajira," aliita kwa sauti ndogo.

Hajira alikuja, akatazama, akavaa miwani, akatazama tena. "Labda huu ni wa mtoto."

"Mtoto gani?"

"Sijui, kaka. Nasema labda."

Aliuvuta na kuurudisha. Aliukung'uta mfuko, upanga usije ukawa umekatika na kipande kingine kimo ndani. Alipekua boksi. Alichukua mizani ndogo ya dada yake ya jikoni, akazipima: mrefu kilo moja na robo hivi, mfupi haukufika hata robo tatu ya kilo. Nusu kilo. Nusu kilo tena!

Walituma picha kwa muuzaji na maneno ambayo Hajira aliyapunguza ukali kabla ya kuyatuma: mmetupunja, mmoja mmeukata. Huko kwao pengine watu walikuwa wamelala, maana hapakuja jibu. Harusi ilikuwa imebaki siku sita. Mzee alizifunga panga kwenye mkeka, akaweka kwapani, akaenda kwa Ponsiano.

Ponsiano ana banda lake Maili Moja, nyuma ya wauza vyuma chakavu. Ni mtu wa Sumbawanga, mfupi, kifua kama pipa, anafua mapanga ya shamba kutokana na springi za magari, na atakwambia hata kama hukuuliza kwamba mababu zake walikuwa wakiyeyusha chuma wakati watu wengine wanalima kwa miti. Jembe la Husseini limepita mikononi mwake mara nyingi.

"Shikamoo, mzee wangu. Umeniletea nini, au ni mtoto?" alisema akiutazama mkeka.

"Marahaba, fundi. Nimeleta wawili. Niambie ni nini."

Ponsiano aliufungua mkeka. Alinawa mikono kwanza. Alichukua upanga mrefu, akaufumbia jicho moja akifuata ukingo kama mtu anayelenga swala. Aliukunja kidogo juu ya goti. Aliugonga kwa ukucha, akasikiliza. Aligonga mfupi, akasikiliza, akarudia mrefu. Kisha alichomoa kijiti kidogo cha mwanzi kinachoshikilia mpini, mpini ukatoka mzima mkononi mwake, na Husseini nusura azimie.

"Usiogope, ndivyo ulivyoundwa, unarudi," alisema Ponsiano. Aliitazama sehemu ya chuma iliyokuwa imejificha ndani ya mpini, kisha akagusisha tupa kwenye makali pale shinani, mara moja kwenye huu, mara moja kwenye ule. Alipaka mafuta kwenye kitambaa, akasugua wimbi la upanga mrefu taratibu, akasugua tena. Alichukua muda mrefu. Jamaa wawili waliokuja kunoa visu walisahau visu vyao.

"Mzee wangu," alisema mwishoni, "huu mrefu ni mzuri kuutazama. Lakini chuma chake ni laini, na hili wimbi ni la kuchora kwa tindikali. Si wimbi la moto. Huu mfupi..." Aliushika kwa mikono miwili. "Huu mfupi ni kazi ya mtu. Umepakwa udongo, ukatiwa moto, ukazimwa kwa maji; ni mgumu mpaka tupa inateleza. Ningepewa nichague mmoja, ningekimbia na huu, usinione tena."

"Kwa hiyo mfupi ndio mkubwa?"

"Kwa chuma, ndiyo."

"Na mrefu?"

"Mrefu ni mrefu."

Husseini alikaa kwenye tairi. Alikuja na swali moja, sasa ana mawili. Akimpa Faraji mrefu, watu wataona amepewa kikubwa, lakini baba atajua amempa kilicho laini. Akimpa mfupi, amempa chuma, lakini nani atakipima chuma kwenye harusi? Watu watapima kwa macho, na macho ya Marui hayana huruma. Kwa mara ya kwanza maishani aliona vitu viwili visivyopimika kwenye mizani yoyote.

"Naweza kuukata," alisema Ponsiano kwa sauti ya mtu anayependekeza jambo asilolipenda. "Nikate mrefu, nichonge ncha upya, nifupishe na ala. Zitalingana."

Mzee hakusita hata kidogo. "Kata."

"Mzee, ukishakatwa umekatwa."

"Sawasawa ni sawasawa. Kata."

Ponsiano alitikisa kichwa, akaubana upanga mrefu kwenye jiliwa, akapima urefu kwa mfupi, akachora alama ya chaki, akaenda kuchomeka umeme wa msumeno. Ndipo simu ya mzee ilipolia. Hajira alikuwa amemtumia jibu la muuzaji kama lilivyokuja.

"Mpendwa rafiki. Hakuna kosa. Jozi daima ni mrefu mmoja na mfupi mmoja. Ni ya mtu mmoja. Mrefu hutembea nje, huachwa mlangoni. Mfupi hubaki ndani ya nyumba na mwenyewe, hata akilala. Panga hizi hazitenganishwi. Heri ya ndoa." Na maua matatu.

Alisoma mara ya kwanza, akaelewa kwamba amenunua vitu viwili vya bwana harusi mmoja, na kwamba amepotea kabisa. Alisoma mara ya pili akakwama kwenye maneno mawili: hubaki ndani. Mara ya tatu macho hayakuvuka neno hazitenganishwi. Akilini alimwona Matano wa miaka saba akipanda gari la Kibaha na mfuko wa nailoni, hageuki nyuma, na Faraji ameshika nguzo ya baraza.

Msumeno uliunguruma. "Acha!" alipiga kelele. "Acha, fundi, usikate!"

Ponsiano alizima, akashusha pumzi, akarudisha mipini bila kuuliza neno. Alama ya chaki aliifuta kwa kiganja chake mwenyewe.

Alhamisi alasiri, siku moja kabla ya harusi, nyumba ya Msimbu ilikuwa imejaa. Hajira alikuwa uani na sufuria zake, wanawake wanaimba, watoto wanafukuzana na kuku. Husseini aliwaita wanawe chumbani kwake, akafunga mlango. Walikaa kitandani mmoja huku mmoja kule, wana miaka ishirini na minane sasa, na ukimwondolea mmoja jua la shambani na mwingine kitambi cha chakula cha kiwandani bado hungewajua. Katikati yao alizilaza panga mbili juu ya mkeka.

Aliwaambia yote. Habari ya tangazo, mfereji wa damu, askari wa Kwala, chuma laini na chuma kigumu, na ujumbe wa muuzaji. Walicheka mpaka Faraji akajipiga mapaja. Baba yao hakucheka.

"Sijui nani ashike upi," alisema. "Nimefikiri siku tano, sijui. Na nina jambo ambalo lazima niseme kabla sijawaoza, maana nimelibeba vya kutosha." Alimtazama Faraji. "Siku ile niliyowapeleka ghalani niliwapima. Aliye mwepesi aende kwa shangazi yenu, mzito abaki. Nilikuacha wewe kijijini, mwanangu, ukakosa shule, ukakosa kila kitu, kwa nusu kilo tu. Nisamehe."

Faraji alimtazama baba yake, kisha akatazama paa, na uso ukaanza kumchezacheza kama wa mtu anayezuia kicheko msibani.

"Baba," alisema, "wewe si ndiye mkamata mawe wa wilaya nzima?"

"Mawe yana nini hapa?"

"Nilikuwa na mawe mfukoni. Kaptura ile ya shule, mifuko yote miwili. Tulikuwa nyuma ya baraza, tukakusikia ukimwambia shangazi mwepesi ndiye atakayekwenda." Sasa alicheka waziwazi, machozi yakimtoka. "Mimi nilitaka kubaki na wewe, baba. Sikukosa kitu. Ningekwenda Kibaha kufanya nini?"

Miaka ishirini na moja! Mashati, magodoro, papai! Husseini alihisi kitu kizito kikishuka mabegani, akataka kucheka naye, akageuka kumtazama Matano ili wacheke wote watatu.

Matano hakuwa akicheka. Alikuwa ameinamia upanga mrefu na kupitisha kidole kwenye wimbi lake, polepole, kama anayesoma.

"Mimi pia nilikuwa nayo," alisema.

"Nini?" aliuliza Faraji.

"Mawe." Hakuinua macho. "Yangu yalikuwa madogo."

Kicheko cha Faraji kilikatika. Uani wanawake waliendelea kuimba, na mtu alimwita Hajira aje aonje chumvi. Mzee Husseini alishuka kwenye kiti chake, akapiga magoti sakafuni mbele ya kitanda, mtu mzima na umri wake ule, akaikamata miguu ya Matano, ya mjini, yenye soksi, akaikumbatia. Hakusema sawasawa. Matano akaweka mkono juu ya kofia ya baba yake.

Kesho yake walitoka mlango mmoja, majoho meusi, vilemba vyeupe, kila mmoja na upanga wake, na Msimbu yote na Marui yote ilipiga vigelegele. Wapo mpaka leo wanaobishana kijiweni ni nani alishika mrefu na ni nani alishika mfupi, na wakikosa kuafikiana humwendea mzee mwenyewe, yule aliyepima magodoro kwa rula. Huwaambia hajui. Siku ile alisimama pembeni ya mlango na hakuziangalia panga hata kidogo. Alikuwa akiangalia mifuko ya kanzu zao.